Mtihani wa Chumbani

"Nimeona kivuli kinapita dirishani. Nani yupo hapo nje?"

Loisi aliacha kuandika. Vidole vilimgandia juu ya laptopu.

"Hakuna mtu, mwalimu. Labda mbuzi wa jirani."

"Mbuzi havai kofia," ilisema sauti ya kiume kutoka kwenye laptopu. "Samahani dada, itabidi tukague chumba upya. Nyanyua kompyuta uizungushe taratibu. Nataka kuona pembe zote."

Aliyesema hivyo aliitwa Bashiri, msimamizi wa mtihani, aliyekaa zake chuoni huko mbali akiwatazama watahiniwa kwa kamera. Loisi alikuwa muuguzi wa zahanati moja pale Mkonze, nje kidogo ya Dodoma mjini, na huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho wa shahada ya afya ya jamii, anasoma kwa masafa. Miaka yote mitihani alikuwa akiifuata kituoni mjini, amevaa viatu vyake vya kanisani. Huu wa mwisho ndio wa kwanza kufanyiwa nyumbani, na masharti yake yalikuwa makali kuliko ya kituoni. Uwe peke yako. Simu izimwe. Masikioni pasiwe na kitu, kwa hiyo sauti ya msimamizi ilitoka kwenye spika, chumba kizima kinasikia. Na mtu mwingine akionekana kwenye kamera, mtihani umekwisha.

Aliinyanyua laptopu, akaanza kuizungusha. Huko nje alisikia kokoto zinakanyagwa, kisha kimya. Akajisemea labda ni mama mkwe amerudi kutoka kwenye maombi ya akina mama; binti yao Anna alikuwa shule ya bweni.

"Mlango umefungwa kwa ndani?" aliuliza Bashiri.

"Umefungwa."

"Hakuna atakayeingia?"

"Hakuna. Mume wangu yuko Kibaigwa."

"Vizuri. Nionyeshe kitanda. Na chini yake. Haya, sasa vua hicho kilemba."

"Kilemba?"

"Kivue, dada, nione masikio."

Loisi alisita kidogo. Kukaa kichwa wazi mbele ya mwanaume asiyemjua, hata kama ni wa kwenye kioo, kulimtia haya. Lakini mtihani ni mtihani. Akakivua.

"Asante. Sasa rudi hapo, tuendelee."

Mlango ukagongwa kwa kiganja.

"Mama Anna, fungua."

Ilikuwa sauti ya Gerson, mumewe, dalali wa mahindi, ambaye kwa kawaida akishaenda Kibaigwa huonekana tena mwisho wa wiki. Loisi akainamia kamera, akasema kwa kunong'ona:

"Mwalimu, ni mume wangu. Naomba nimwambie asubiri."

"Huruhusiwi kuongea na mtu. Kaa kimya tu, atachoka, ataondoka."

Maneno hayo ya kwenye spika yalisikika hadi nje. Komeo liling'oka na misumari yake, na Gerson akaingia nalo, vumbi la mahindi hadi kwenye nyusi, kofia imemkaa upande.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Nimesikia kwa masikio yangu. Anakwambia vua, unavua. Anakwambia mimi nitachoka niondoke." Akapiga magoti, akanyanyua shuka, akaingiza kichwa chini ya kitanda.

"Bwana," ilisema sauti juu ya meza, kwa upole kabisa, "huko chini nimeshakagua. Hakuna mtu."

Gerson alibaki ameinama vile vile. Kisha akatoka kinyumenyume, akaitazama laptopu. Mwanaume mwenye miwani na tai alikuwa akimtazama naye.

"Huyo nani?"

"Msimamizi," alisema Loisi.

"Wa nini?"

"Wa mtihani, Baba Anna. Mtihani niliokwambia juzi. Nikakwambia na jana. Na leo asubuhi nikakutumia ujumbe wa sauti."

Gerson akavua kofia.

"Habari za kazi, mwalimu," alisema.

"Nzuri, bwana," alijibu Bashiri. Kisha akamgeukia Loisi, na sauti yake ikawa ya mtu anayepeleka habari ya msiba. "Dada, pole sana. Hapa nalazimika kuusimamisha mtihani, na nitaandika nilichokiona. Chuo kitakutafuta."

Kioo kikawa cheusi.

Loisi hakulia. Alikivaa kilemba chake taratibu, akakifunga, akakifungua, akakifunga tena. Gerson alikuwa amesimama na komeo mkononi, hajui aliweke wapi.

"Mimi nilijua mitihani inafanyiwa mjini," alisema.

"Hukujua kwa sababu hukusikia. Hukusikia kwa sababu kila nikitaja shule unaniambia sawa, sawa, huku unaongea na simu."

"Ujumbe wenyewe ulikuwa mrefu, Mama Anna."

"Ulikuwa mrefu. Umeusikiliza mpaka wapi?"

"Sijaufungua."

"Na nini kimekurudisha leo?"

Ilibidi mama yake, Bibi Restuta, arudi kutoka kanisani, aukute mlango hauna komeo, aulize mara mbili, ndipo jibu likatoka.

"Ni Ulimboka," alisema Gerson. Ulimboka alikuwa dalali mwenzake pale sokoni. "Kila siku ananiambia, mke anayesomea ndani ya simu, mwalimu wake humjui. Anasema jioni nzima anaongea na wanaume, wewe uko huku unahesabu magunia. Leo nimepiga simu, imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Nikadandia lori la fuso."

"Kwa hiyo Ulimboka akisema unasikia," alisema Bibi Restuta. "Mkeo akisema husikii."

"Mama, usinimalize."

"Sijakumaliza. Umejimaliza mwenyewe na mlango wako."

Siku hiyo Loisi alihamisha mto na blanketi, akaenda kulala chumba cha mama mkwe. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Kesho yake, akiwa zahanati anapanga foleni ya kina mama na watoto, ujumbe uliingia.

"Mtahiniwa, mtihani wako umesitishwa kwa sababu mtu mwingine aliingia chumbani. Kamati itakusikiliza Alhamisi saa nne asubuhi kwa njia ya video. Aliyeingia ajieleze yeye mwenyewe. Asipojieleza, itahesabika kuwa ni udanganyifu na utafutiwa masomo."

Aliusoma amesimama. Mama mmoja akamuuliza, "Nesi, vipi, unaumwa?" Akasema hapana, akamchukua mtoto wake, akampima uzito, akasahau uzito, ikabidi ampime tena. Miaka yake yote ilikuwa imening'inia kwenye neno moja, udanganyifu. Alikuwa ametembea wilaya ya Chemba kijiji kwa kijiji kwa mafunzo yake ya vitendo, amefundisha watu kunawa nyuso, ameamka kabla ya jogoo kusoma. Na yote hayo sasa yalikuwa mdomoni mwa mtu mwingine.

Jioni akampa Gerson simu asome.

Gerson alisoma, akarudisha. "Si tatizo. Mdomo ndiyo kazi yangu. Nitawaambia kulikuwa na nyoka."

"Nyoka gani?"

"Koboko. Nilimwona anaingia chini ya kitanda, nikavunja mlango kukuokoa. Watanisifu hao."

"Msimamizi alikusikia unauliza, yuko wapi. Ulikuwa unaniuliza mimi habari za koboko?"

"Mtu akichanganyikiwa anauliza tu."

"Ukaniambia nimevua."

Gerson akajikuna shingo. "Basi nitasema mama alianguka. Nikaja mbio kukuita, wewe ni nesi."

Bibi Restuta alikuwa anachambua mboga pembeni. Hakunyanyua kichwa. "Mimi sijaanguka. Usiniangushe kwa mdomo wako."

"Mama, ni neno tu. Linamwokoa mkamwana wako."

"Mkamwana wangu haokolewi kwa uongo. Hata yeye hataki. Muulize."

"Sitaki," alisema Loisi. "Nikipata digrii kwa koboko wako, kila mgonjwa nitakayemwambia ukweli nitamkumbuka huyo koboko. Waambie ulichokisikia, na ulichokidhani. Basi."

"Niseme mbele ya wasomi kwamba nilimdhania mke wangu?"

"Mbona mbele yangu hukuona aibu?"

Gerson alinyanyuka, akatoka nje. Asubuhi alikuwa ameshaondoka kwenda Kibaigwa.

Siku zilizofuata zilikuwa za kuitazama simu. Ujumbe wake ulikuja mfupi mfupi, kama wa mtu anayebisha hodi kisha anakimbia.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Alhamisi utakuja?"

Baadaye: "Kuna gari la mahindi limekwama."

Usiku Loisi hakuupata usingizi. Hakumwomba Mungu ushindi. Alimwomba asimfanye mtu wa chuki. Maana chuki ilikuwa inakuja, aliiona, inamkaribia polepole kama mtu anayekuja kwa miguu barabarani. Mwanaume aliyeachia mtihani wa mkewe ufe ili kofia yake ibaki sawa kichwani, utaishi naye vipi? Utampakulia chakula kwa mkono gani?

Alhamisi asubuhi aliiwasha laptopu sebuleni. Bibi Restuta akakaa kwenye kigoda mlangoni, nje ya kamera, amefunga kanga yake kama mtu anayesubiri safari. Gerson hajafika. Loisi akapiga.

"Niko njiani," alisema Gerson.

"Njiani wapi?"

"Tumeshapita Mbande."

"Baba Anna, nasikia mtu anataja bei ya gunia. Uko sokoni."

Nyuma yake wabebaji walikuwa wanaitana.

"Mama Anna," alisema hatimaye, sauti imeshuka, "sina uso."

"Sijakuomba uso. Nimekuomba useme. Wewe unaweza kumuuzia mtu mahindi yenye bungua akaondoka anakushukuru. Lakini kusema kweli moja kwa ajili yangu, umeshindwa." Akatazama saa ya kwenye kioo. "Sikupigii tena. Saa yao imefika."

Akakata. Akafungua kiungo cha kikao alichotumiwa na chuo.

Kamati ilikuwa na watu kadhaa, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja wa makamo, Dokta Joha, mwenye sauti isiyo na haraka. Bashiri naye alikuwepo, na miwani yake.

"Loisi, karibu. Aliyeingia chumbani yuko wapi?"

Hapo ndipo uongo ulipomjia wenyewe, mwepesi, umeshavaa na viatu. Amesafiri. Anaumwa. Mtandao unasumbua. Alimtazama mama mkwe pale mlangoni. Bibi Restuta alikuwa amefumba macho.

"Ni mume wangu. Yuko Kibaigwa," alisema Loisi. "Amekataa kuja."

"Amekataa?"

"Anaona aibu."

Wale watu walitazamana, kila mmoja kwenye kidirisha chake.

"Dada yangu," alisema Dokta Joha, "naomba unielewe. Mtu anavunja mlango katikati ya mtihani, halafu hataki kujieleza. Sisi tutajuaje kama hakuleta majibu? Kanuni iko wazi. Kama hana la kusema, sina namna ya kukusai..."

Simu ya Loisi ikatikisika juu ya meza. Ujumbe wa Gerson.

"Nitumie hicho kiungo."

"Dokta," alisema Loisi, "naomba dakika. Anataka kuingia."

"Mwingize."

Kidirisha kipya kikafunguka. Kwanza yalionekana magunia, kisha anga, kisha pua ya Gerson, karibu mno. Akaisogeza simu. Alikuwa katikati ya soko, watu wanapita nyuma yake na mizigo mabegani.

"Shikamoo, dokta," alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeingia chumbani?"

"Ndiye mimi. Gerson. Mume wake."

"Ulikwenda kumpelekea majibu?"

"Majibu gani, dokta? Mimi nilikwenda na swali." Akapangusa uso kwa kofia. "Nilifika nyumbani, nikachungulia dirishani, pazia limefungwa. Nikaenda mlangoni. Nikasikia sauti ya mwanaume inamuuliza mke wangu kama mlango umefungwa kwa ndani. Naye akajibu, umefungwa, mume wangu yuko Kibaigwa. Nikasikia anaambiwa aonyeshe kitanda. Nikasikia anaambiwa avue. Hakuwa ananong'ona yule mwalimu. Nilisikia vizuri sana."

Bashiri alikohoa, akatazama chini.

"Nilidhani mke wangu ana mwanaume ndani," aliendelea Gerson. "Ndiyo kweli yenyewe. Alinieleza habari za huo mtihani siku nyingi, sikumsikiliza. Sikuwahi kumsikiliza habari za shule. Huku sokoni wakinitania kuhusu yeye, hao ndio niliowasikiliza. Hakuna koboko wala nini."

"Koboko?" aliuliza Dokta Joha.

"Hakuna, dokta. Hayo ni mengine."

Nyuma ya Gerson mtu alicheka kwa nguvu. "Gerson leo anaungama kwa video," alisema huyo mtu. "Mwiteni padri."

Gerson aligeuka, simu ikageuka naye, wote wakamwona Ulimboka amekaa juu ya magunia, na madalali wengine wamesimama wanasikiliza.

"Ulimboka, nyamaza," alisema Gerson. Hakupaza sauti. "Naongea na walimu wa mke wangu. Maneno yako nimeyabeba mpaka nimevunjia mlango wa nyumba yangu. Leo sibebi tena."

Hata wabebaji waliokuwa karibu walishusha mizigo.

Loisi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Hakujua machozi yalianza lini.

"Mwalimu Bashiri," alisema Dokta Joha, "una la kuongeza?"

"Ni kama alivyosema. Hakuleta karatasi wala hakumwambia jibu. Aliangalia chini ya kitanda." Akasita. "Na mimi niseme. Maneno tunayotumia kukagua, ukiyasikia ukiwa nje ya mlango, hayapendezi. Tuyaangalie."

Kamati ikatoka, vidirisha vikawa vitupu. Bibi Restuta akaanza kusali kwa kunong'ona, maneno yanakimbizana. Gerson alibaki kwenye kidirisha chake, haangalii kamera, anaangalia ardhi. Palikuwa na wao wawili tu kwenye kioo kile, mmoja Mkonze, mmoja Kibaigwa, na magunia.

Kamati ikarudi.

"Loisi, utarudia mtihani," alisema Dokta Joha. "Hakuna udanganyifu hapa. Ila nina swali moja, na ulijibu mwenyewe. Mtihani wa marudio utaufanyia wapi? Hapo hapo nyumbani, au tukupangie kituo mjini?"

Gerson alinyanyua macho.

Loisi aliliona lile swali lilivyo. Kwa kamati lilikuwa la ratiba tu. Kwa mume wake lilikuwa jingine kabisa. Akisema nyumbani, amemsamehe mbele ya wote. Akisema kituoni, amemkataa mbele ya wote, na Ulimboka yuko pale pale juu ya magunia. Alitamani kumpa. Alimwona alivyosimama kichwa wazi, akatamani sana kumpa.

"Kituoni, dokta," alisema.

"Sawa. Tutakujulisha siku."

Gerson akaitikia kwa kichwa mara moja, polepole, kama mtu aliyetajiwa bei na kuikubali. Kidirisha chake kikazima.

Gerson alifika nyumbani jua bado liko juu, kwa basi. Loisi alikuwa mezani na mama mkwe, wameshaanza kula. Akasimama mlangoni, pale pasipo na komeo.

"Hodi."

"Kwako unapiga hodi?" alisema Bibi Restuta.

"Leo napiga."

Bibi Restuta akachukua sahani yake, akasema amekumbuka kuku hawajapewa maji, akatoka na chakula chake. Gerson akaingia hatua chache, hakukaa.

"Ulichagua kituoni," alisema.

"Nilichagua."

"Hukuniamini."

"Kwa mtihani, hapana. Bado. Nimechoka kuogopa, Baba Anna. Siku ile nataka niandike nikiwa sisikilizi mlango."

"Ni haki yako." Aliizungusha kofia mikononi. "Na kwa mengine?"

"Mengine yapi?"

"Unajua ninachouliza."

Loisi alimpakulia ugali, akasogeza bakuli la mlenda upande wake. Mkono haukukataa. Alishangaa kidogo kuona haukukataa.

"Mtihani naufanyia mjini," alisema. "Ndoa naifanyia hapa hapa. Lakini na yenyewe umeivunja mlango, usidhani utaingia tu. Kaa ule."

Gerson akakaa, akanawa. Akamega tonge, akaliacha mkononi.

"Mama Anna, nikuulize kitu, usinicheke."

"Uliza."

"Hiyo afya ya jamii, ni kitu gani hasa?"

"Miaka yote hii hujui?"

"Najua kuitamka."

Loisi alicheka bila kutaka, mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha akaona mwenzake hachezi, anasubiri. Akaanza kumweleza, kwa kusitasita, kama mtu anayejaribu ngazi asiyoiamini. Kwamba daktari anamtibu mtoto mmoja macho, apone, arudi kwao, augue tena. Kwamba kuna watu kazi yao ni kwenda kule anakorudi, kuuliza maji yanatoka wapi, choo kiko wapi, nzi wanatua wapi.

Simu ya Gerson ikaita juu ya meza. Jina la Ulimboka likawaka kwenye kioo. Loisi akanyamaza, kwa mazoea, kumpisha aongee.

Gerson akaigeuza simu kifudifudi.

"Endelea," alisema. "Ulikuwa umefika kwenye nzi."

Tuwaache hapo. Wana mengi ya kuambiana, na chakula chenyewe bado wamekigusa tu.